Kipimo cha Benjamini

Jioni ile Fanueli alipanda Irente kwa shughuli ndogo tu: kupaka viti mafuta. Mwamvita, msimamizi wa nyumba ya wageni iliyo karibu na genge, alikuwa akimpigia simu tangu juzi. Masika yanakuja, fundi, na wewe mwenyewe ulisema viti vya nje visikutwe na mvua vikiwa na kiu. Kweli alisema. Fanueli alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukinunua kwake kiti kimoja, unapewa na hotuba yake bure.

Hotuba ile Mwamvita aliijua kwa moyo. Alipofika karakana ya Fanueli kule Magamba mwaka jana alikuwa ametamani viti vya paini vilivyong'arishwa kwa vanishi, kwa kuwa vilipendeza macho. Fanueli akamcheka waziwazi. "Paini, nje, kwenye ukungu wetu huu? Dada, utakuwa umenunua kuni." Akamwonyesha mtiki kutoka Muheza, mzito, wenye mafuta yake ndani. Akamweleza kwamba vanishi huku milimani hutoka malengelenge, maji yakapenya chini yake na kuozesha mbao taratibu bila mwenyewe kujua. Mafuta ndiyo dawa, mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Miguu ya kiti ikae juu ya jiwe, isizame kwenye majani. Kuvu ikiota, isuguliwe kwa sabuni na brashi laini. Turubai lisibanwe mpaka chini, kwa sababu mbao nazo zinataka kupumua.

Mwamvita akakubali yote. Akaagiza viti vinne na benchi moja refu, mgeni aweze kujinyoosha huku akitazama Mazinde kule chini.

Benchi hilo ndilo lililoleta balaa, na balaa lenyewe Fanueli alilipigilia kwa mkono wake.

Alikuwa na kaka, Benjamini, wa tumbo moja. Miaka sita nyuma Fanueli aliangusha mkulo ndani ya msitu wa hifadhi, mti usioguswa, akauchana mbao usiku na kuzificha darini. Nje ya nyumba yake, mtu mmoja tu alijua, naye ni Benjamini. Siku ya tatu askari wa misitu walikuja. Hawakupapasa wala hawakuuliza, walipanda darini moja kwa moja. Fanueli akala miezi sita jela. Mwezi wa nne mama yao alifariki huku akimwita yeye, mtoto wa mwisho, na akazikwa yeye akiwa ndani.

Alipotoka hakumwuliza kaka yake kitu. Alimnyima shikamoo, basi. Kwa watu wa milima hii, mdogo kumnyima mkubwa shikamoo ni sawa na kumtemea mate mbele za watu. Benjamini hakujitetea hata siku moja. Alikuwa akipita mbele ya karakana, anasimama kidogo, anatazama randa inavyokwenda, kisha anaondoka. Waumini wenzao kanisani hawakuingilia. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nao wakaenda zao kulima.

Agosti iliyopita kifua kilimwondoa Benjamini. Fundi wa ukoo alikuwa mmoja tu, kwa hiyo Fanueli akamtengenezea jeneza. Kwao kulikuwa na mwiko ambao baba yao, fundi naye, aliwaachia: ubao uliompima maiti haurudi karakana. Fundi mwenyewe huuweka kaburini kwa mkono wake. Ukibaki juu, na mwenye kipimo hubaki juu, akitafuta pa kulala.

Fanueli alimpima kaka yake kwa upapi, ubao mwembamba wa mkulo, kipande pekee ambacho askari hawakukiona siku ile. "Uliuza mkulo," alimwambia maiti, "pimwa kwa mkulo." Akaupunguza mpaka ukawa urefu wa Benjamini kamili. Jeneza lilipotoka, yeye hakulifuata. Alirudi na upapi wake nyumbani.

Tusimsingizie usahaulifu. Hakusahau.

Na oda ya Mwamvita ilipokuja, aliuranda upapi ule vizuri, akauweka katikati ya mbao za kukalia, kisha akalikata benchi zima kwa urefu uleule. "Watamkalia," alijisemea. Akacheka peke yake karakana, kicheko kibaya, na bado alilala usingizi mzuri usiku ule.

Sasa ilikuwa Februari, saa moja kasoro, na ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka bondeni ukaimeza bustani. Wageni wote walikuwa ndani wakiota moto. Mwamvita alimpokea getini, kajitanda mtandio mpaka kidevuni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dada. Kopo la mafuta ninalo."

"Liache kwanza kopo. Njoo uone."

Viti vinne vilikuwa vikichuruzika maji. Majani yalikuwa maji matupu. Benchi nalo lilikuwa limelowa kila upande...

Isipokuwa katikati.

Katikati palikuwa pakavu. Fanueli aliinama. Pakavu pale palianza na duara la kichwa, pakapanuka kwa mabega, pakateremka mpaka visiginoni. Palikuwa na urefu wa benchi zima.

"Nani kalala hapa?" aliuliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe," Mwamvita alinong'ona. "Wiki ya tatu hii. Kila ukungu ukishuka. Juzi mgeni mmoja alikaa, akainuka haraka, akaomba radhi. Nilipomuuliza anamwomba nani, akaniangalia tu, asubuhi akahama." Akavuta pumzi. "Na hiyo harufu, fundi. Unaisikia?"

Aliisikia.

"Kafuri," Mwamvita alisema. Alikuwa mtoto wa Tanga mjini, na harufu ile aliijua kutoka chumba kimoja tu. "Ndiyo tuliyomwoshea bibi yangu alipokufa."

"Siyo kafuri. Ni mkulo." Fanueli alipitisha kidole juu ya ubao wa katikati. "Zinafanana."

Hakumwambia lililobaki. Mkulo uliokauka miaka sita haunuki hivyo. Ile ilikuwa harufu ya mti uliolala chini sasa hivi, utomvu ukitoka.

"Mkulo, kafuri, mimi sijui," Mwamvita alisema. "Magharibi imeingia, naenda kuswali. Nikirudi nisilikute benchi hili. La sivyo nitalitia moto."

"Usilichome!" Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Mwamvita alimtazama, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Fanueli akabaki na ukungu.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye hasira zilimpanda, zile za siku zote. Alipiga goti karibu na mahali pa kichwa, bisibisi mkononi, akasema kwa sauti ya chini:

"Haya. Kumbe upo. Basi sema. Sema ulinitaja kwa askari. Neno hilo moja tu, na kesho nakulaza vizuri, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye viti... tp... tp... tp...

Miaka sita alikuwa ameingoja ile "nilikutaja". Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kutoka jela. Kaka yake alikufa nayo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Sema, Benjamini!"

Mbao zikalia.

Zililia kwa mfuatano, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama kitanda mtu mzito anapogeuka ubavu. Na mbele ya macho yake, lile umbo kavu likaanza kufupika. Visigino vilipanda. Magoti yalikunjwa. Mwisho wa benchi pakabaki nafasi, kavu, ya kumtosha mtu mmoja kukaa.

Alikuwa anampisha.

Fanueli hakujua kwa nini alikaa. Labda ni mazoea ya utotoni, kaka akikupisha unakaa. Mbao chini yake zilikuwa za uvuguvugu. Harufu ya mkulo ikawa nzito hata akaihisi ulimini. Kisha pumzi ikamgusa sikio la kushoto, baridi, ikitoka taratibu, na sauti ikafuata kwa Kishambaa cha mama yao. Ilikuwa imechoka sana.

"Mdogo wangu... siyo mimi."

"Muongo!" Fanueli aliruka wima. "Ulijua wewe tu! Kama si wewe, nani? Nani basi?"

Benchi lote likalowa kwa mara moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na harufu ikakatika. Umbo likatoweka.

Alifungua skrubu, akaung'oa upapi wa mkulo, akaacha benchi na pengo lake na kopo la mafuta palepale kwenye majani. Dereva wa bodaboda alimwuliza ubao mmoja wa nini jioni ile. Alipanda nyuma, ubao begani. Njia nzima, kutoka Irente mpaka Lushoto mjini na kupanda Magamba, alijiambia kwamba wafu nao hudanganya. Kwa nini wasidanganye? Walidanganya wakiwa hai.

Rahabu, mkewe, alikuwa jikoni akisonga ugali, mgongo kwa mlango. Fanueli aliegemeza upapi ukutani. Alitaka kusalimia, akajikuta anauliza.

"Mama Angel. Nani aliwaambia?"

Hakusema aliwaambia nini. Hakusema akina nani.

Rahabu naye hakuuliza. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Aliuacha humo, akapangusa mikono kwa kanga, polepole, kidole kimojakimoja.

"Nilidhani watakuonya tu," alisema.

Moto ulipasuka. Fanueli alishika mwimo wa mlango.

"Mwaka ule gogo lilimlalia mtu kule msituni likamwua, jeneza ukamtengenezea wewe mwenyewe," Rahabu aliendelea bila kugeuka. "Nikakuona unatoka usiku na msumeno. Nikaogopa, Baba Angel. Nikamwambia mke wa askari, kwaya moja tuliimba naye. Nikasema wamtishe kidogo, aache."

"Mama yangu alikufa ananiita."

"Najua. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Na Benjamini?"

"Alijua wiki ileile. Nilimlilia nikataka kukwambia, akanikataza. Alisema, huyu ataweza kuishi bila kaka. Bila mke na mtoto, ataoza."

Fanueli alikaa chini kwenye sakafu ya udongo. Alingoja hasira, haikuja. Alingoja machozi, nayo hayakuja. Ile chuki alikuwa ameitunza kuliko benchi lolote alilowahi kuunda. Hakuacha msimu wa mvua upite bila kuipaka mafuta. Sasa ilikuwa mikononi mwake, imara, inang'aa, na mwenye kuikalia hayupo. Alijichukia kwa jinsi alivyotamani, hata dakika ile, kwamba mtoboa siri angekuwa Benjamini. Kumchukia Benjamini alikuwa amezoea.

"Alfajiri naupeleka kaburini," alisema mwishowe. "Nitamwomba radhi."

Rahabu alikuwa amegeukia mlango, na macho yake hayakuwa juu ya mumewe. Ukungu ulikuwa unaingia jikoni, mwembamba, ukipita juu ya kizingiti. Ndipo Fanueli aliposikia ile harufu tena... mti mbichi, utomvu.

Mkewe alivuta kigoda karibu na moto. Alikifuta vumbi kwa upindo wa kanga, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, shemeji."

Kigoda kikalia.

"Unasema na nani?" Fanueli alinong'ona. "Rahabu! Unasema na nani?"

"Huja kila jioni tangu siku jeneza lilipotoka," alisema. Hapo ndipo Fanueli alipoona jinsi mkewe alivyokonda miezi ile, na yeye alikuwa hajatazama. "Hasemi kitu. Anakaa hapo mpaka ninapokusikia getini, halafu anaondoka. Nilijua anachongoja. Alikuwa anangoja siku utakayoniuliza."

Macho yake yalikuwa bado kwenye kigoda, na nyuma yake upapi ulikuwa bado umeegemea ukutani.

"Leo umeniuliza, Baba Angel, na mimi nimekujibu. Mbona haondoki?"