Chini ya Rangi Nyekundu

Kila asubuhi, kabla hajagusa kitu, Kinyaa alikinusa kwanza. Alinusa kikombe, akanusa kitambaa cha kukaushia vyombo, akanusa hata sabuni yenyewe. Kaka yake alimtania kwamba iko siku atayanusa maji ya bomba na kuyarudisha yalikotoka. Ndiyo maana nyumbani wakampa jina hilo, naye aliliitikia bila kununa. Alikuwa darasa la sita, na sare yake ilikuwa nyeupe kuliko zote shuleni.

Bahati mbaya alizaliwa na fundi. Mama yake alitengeneza pikipiki, na karakana yake ilikuwa uani, karibu kabisa na jiko. Mahali penyewe palichefua kweli. Sakafu ilinata, matambara yalinuka petroli iliyochacha, na pembeni kulikuwa na kopo la oili chafu ambamo mende walizama wakabaki wakielea. Kinyaa alipita pale ameziba pua, na Mama alimwona, akacheka, akaendelea na kazi.

Miezi hiyo Mama alikuwa akimuundia Kaka pikipiki. Mguu wa kulia wa Kaka haukuwa na nguvu tangu utotoni, na pikipiki za dukani hazikumfaa. Mama alichukua injini huku, magurudumu kule, na fremu akaipata kwa jirani mfugaji, ilikokuwa imetupwa bandani, kuku wakailalia miaka na miaka. Breki ya nyuma aliihamishia mkononi. Kiki aliitoa kabisa, maana Kaka asingeweza kuipiga kwa mguu. Pikipiki hii ingewaka kwa kubonyeza kitufe tu.

Nayo ilihitajika haraka. Kaka alikuwa amepata kazi ya kusoma mita za maji nje ya mji, ila msimamizi alitoa sharti moja: Jumatatu asubuhi afike na chombo chake cha usafiri, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Kinyaa alipewa kazi ya fremu. Mama alimwelekeza kwa subira: "Ikwangue kwa brashi ya waya, mpaka chuma king'ae. Hasa hapa chini ya kiti. Hapa ndipo utafunga waya mweusi wa betri. Ukishaukaza, ndipo upake rangi juu yake, kutu isiingie."

Kinyaa alikwangua. Kwa kweli alikwangua sana, mpaka alipofika chini ya kiti. Pale kinyesi cha kuku kilikuwa kimegandamana tabaka juu ya tabaka, kimechanganyika na manyoya na mayai ya mende. Alipokigusa kwa brashi, vumbi lake likamrukia mdomoni. Alitema mate, akatema tena, akakimbilia bombani kusukutua. Aliporudi, hakutaka hata kuitazama ile kona. Akaufunga waya hivyo hivyo juu ya uchafu, akaikaza bolti, akafunika kombe mwanaharamu apite: akamwaga rangi nyekundu tele, ikang'aa kuliko sehemu nyingine zote.

"Umekwangua kila mahali?" Mama aliuliza.

"Kila mahali, Mama."

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Kaka aliketi juu ya pikipiki yake, akabonyeza kitufe. Ndani yake kulilia *tik*, basi. Akabonyeza tena. *Tik*. Taa ya mbele, iliyokuwa inawaka vizuri, ikafifia kama inataka kulala.

Mama hakubabaika. Alitazama fyuzi, ikawa nzima. Alipima swichi ya klachi, ikawa nzima. Alibadilisha rilei, kile kidude kilichokuwa kikilia *tik*, na kile kipya nacho kikalia vilevile. "Umeme unaanza safari halafu unachoka," alisema. "Betri hii mbovu. Yule mzee ametuuzia takataka."

Akaichomoa betri, akaibeba mpaka dukani kwa Mzee Chaji, muuza betri wa mtaa. Kinyaa alimfuata nyuma.

Mzee Chaji aliipachika betri kwenye kipimo chake, akaibebesha mzigo wa kuijaribu, akaitazama sindano. Ilisimama imara. "Binti yangu, betri haina kosa," alimwambia Mama. "Umeme ni kama mtu anayekwenda sokoni. Lazima apate njia ya kwenda na njia ya kurudi. Wako unakwenda, ila haurudi vizuri. Waya mweusi umeufunga wapi?"

"Kwenye fremu."

"Fremu ilikwanguliwa?"

"Ilikwanguliwa, mzee wangu. Alikwangua binti yangu huyu kwa mikono yake."

"Una hakika? Mara nyingi ugonjwa huwa hapo hapo."

Mama akakunja uso. "Mzee, naapa. Mtoto wangu ameniambia amekwangua, na mtoto wangu hasemi uongo. Kama unataka kukwepa lawama ya betri yako, sema tu, usimsingizie mtoto."

 Mzee Chaji aliifuta betri kwa kitambaa, akamrudishia Mama. Kinyaa akageukia ukutani, akajifanya anasoma bei za betri. 

Waliporudi, Mama alirudisha betri mahali pake, akaketi chini. Alikuwa amechoka. "Basi imebaki stata yenyewe, ile mota ya kuwashia injini," alisema. "Kama imeungua, haipatikani leo. Wala kesho haipatikani."

Kaka aliiegemeza fimbo yake ukutani. Hakulalamika. Alitoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba ya msimamizi. "Acha nimwambie mapema," alisema, "ampe mwingine. Si vizuri mtu akusubiri bure."

Kinyaa alimtazama kidole kinavyopanda na kushuka kwenye kioo cha simu. Kichefuchefu kilimpanda, na safari hii hapakuwa na cha kunusa.

"Kaka, usipige," alisema. "Sikukwangua chini ya kiti. Kilikuwa kinyesi kitupu. Nilifunga waya juu yake, nikapaka rangi."

Mama aligeuza kichwa polepole.  Alichukua kipande cha waya mnene, akagusisha upande mmoja kwenye ncha hasi ya betri, na upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. "Bonyeza," alimwambia Kaka. Stata ikazunguka kwa nguvu, injini ikanguruma, moshi ukajaa uani. Mama akaizima mara moja. Akatupa brashi ya waya miguuni kwa Kinyaa.

Kinyaa alifungua bolti. Rangi nzuri ilibanduka kama gamba la kidonda, na chini yake pakaonekana ule uchafu, mweupe, mbichi kwa unyevu wa rangi, ukinuka kuliko mwanzo. Ndani yake chuma kilikuwa kimeliwa na kutu. Alikwangua huku akitapika upepo. Machozi yalimtoka, kamasi zikamtoka, wala hakuna aliyempokea brashi. Alipiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga waya upya, akakaza.

Kaka akabonyeza. Injini iliwaka mara moja. Aliizima, akaiwasha tena, akaizima, akaiwasha, akicheka peke yake.

"Kesho utafika kazini," Mama alimwambia. Kisha akaenda bombani kunawa, na Kinyaa akamfuata.

"Nisamehe, Mama. Niliona kinyaa."

"Kuona kinyaa si kosa," Mama alisema. "Hata mimi kile kinyesi kimenitoa mate. Ungekuja ukaniambia, 'Mama, pale siwezi,' tungepakwangua pamoja, mimi na wewe, tukitapika kwa zamu. Lakini wewe uliufunika uchafu ukadhani umeondoka. Uchafu ukiufunika, mwanangu, umeujengea nyumba. Na umekaa humo mpaka kaka yako nusura akose kazi."

Kinyaa aliinamisha kichwa. Mama alipaka sabuni, akasugua, akasuuza, akainyoosha mikono yake juani.

"Tazama, mikono imetakata. Lakini nimemwapia mzee wa watu kwamba mwanangu hasemi uongo, nikamwita mkwepa lawama ndani ya duka lake. Hilo nalo nitalisuuza kwa sabuni gani?"

 Kinyaa alinawa, akajifuta kwa gauni lake bila kunusa chochote, akatoka kwenda dukani kwa Mzee Chaji kusema ukweli mwenyewe.