Mguu wa Darryl Chini ya Paa la Kijani

Enyi majirani zangu wa hapa Ayr, Australia, hasa nyie wanaume mnaosema "itakuwa shwari tu" hata nyumba ikiwaka moto, sogeeni niwasimulie ya jirani yangu wa mlango wa pili.

Ilikuwa Jumapili tulivu. Glenys Hockings alikuwa akimimina chai, na mumewe Darryl, mkulima wa miwa mstaafu, aking'arisha mipira yake ya bowls, ule mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, kana kwamba anaogesha mtoto. Fainali ya klabu ilikuwa Jumamosi, na yeye ndiye nahodha wa timu anayochezea pamoja na mkewe. Aliponyoosha mguu, Glenys akaona doa jekundu juu ya kifundo.

"Hiyo nini?"

"Mbu."

"Mbu gani huyo, anaacha doa kama sahani?"

Kesho yake Glenys alimburuta hadi zahanati. Nesi Bronwyn akasema ni maambukizi ya ngozi, akampa vidonge, pamoja na kikadi chenye miraba ya rangi na mmoja mweupe. Kila siku akiweke kando ya doa, apige picha kwa simu na kuituma, kompyuta ipime wekundu. Macho ya watu hayaaminiki kwa kazi hiyo. Nyumbani kwao Glenys alikuwa akisema umezidi, Darryl anasema umepungua, na chai inapoa.

"Kompyuta ikisema umezidi, mzee wangu, unalazwa. Hakuna mjadala," Bronwyn alimwonya.

Alazwe! Na fainali je? Jumatano doa lilipoanza kupanda mguu, Darryl akabuni ujanja. Baraza lao la kuchomea nyama, kama mengi ya huku, limeezekwa kwa plastiki ya kijani. Ukikaa pale mchana, wekundu hugeuka kahawia, utadhani umebabuliwa na jua tu. Nilimwona kupitia uzio, mguu juu ya kiti, simu mkononi.

"Unafanya nini, Darryl?"

"Napiga picha za urembo, jirani. Usinionee wivu."

Nilicheka, na nyie mngecheka. Kumbe mwenzetu alikuwa anauchezea mguu wake.

Picha ikaenda. Muda si mrefu simu ikalia, na sauti ya Bronwyn nikaisikia hadi kwangu.

"Mzee Darryl, umepigia picha chini ya paa la kijani?"

"Nani kakwambia?"

"Kikadi. Mraba mweupe umetoka wa kijani. Kompyuta inajua ule ni mweupe, kwa hiyo inaondoa ukijani kwanza, ndipo inapima ngozi. Wekundu umepanda sana. Njoo sasa hivi!"

Glenys aliweka mikono kiunoni. "Mwanaume mzima unadanganya mashine?"

"Sijadanganya, mke wangu. Nimehamia kivulini tu."

"Kivulini! Ingia kwenye gari kabla sijakubeba!"

Alilazwa hospitalini jioni ile akatundikiwa dripu. Daktari alisema wazi kwamba kama Darryl angengoja hadi Jumamosi, huenda wangekuwa wanazungumzia kumkata mguu. Glenys alilia pale kwenye korido, nami niliyekuwa nimewasindikiza nikaona aibu kwa kile kicheko changu.

Lakini dawa zilifanya kazi. Jumamosi jioni nilimkuta amekaa kitandani, wekundu umeshuka, anakula jeli.

"Haya, sema. Tumeshindwa?"

"Mmeshinda, tena kwa mbali."

"Nani kaongoza?"

"Mkeo."

Akacheka hadi wagonjwa wenzake wakageuka. "Na mimi nilidhani klabu haiwezi bila mimi!"

"Klabu inaweza," nikamwambia. "Glenys ndiye asiyeweza bila wewe."

Hapo kicheko kilimwisha, akanishika mkono.

FUNZO

Ugonjwa hauponi kwa kuubadilishia mwanga. Ukipewa kipimo kisichopendelea upande wowote, usikitafutie njia ya kukihadaa, maana anayehadaika ni wewe na wanaokupenda. Na sisi majirani tukiona jambo la ajabu nyuma ya uzio, tuulize mara ya pili kabla ya kucheka. Jamani, mguu ukiwa mwekundu, semeni ni mwekundu, mwende mkatibiwe.