Mama Mdogo wa Barierini

Jumamosi asubuhi Dative alibeba beseni la sambaza wakavu na kumfuata mama yake, Mukagasana, hadi barierini, kituo cha ukaguzi mpakani, kwenye daraja la Rusizi. Mama aliuza samaki hao Bukavu, upande wa Congo. Mkononi alimshika Tumukunde, mtoto wa jirani mwenye miaka sita, aliyekuwa akimpeleka kwa baba yake, ambaye alifanya kazi ng'ambo hiyo. Akiulizwa na maafande wa mpakani, Mama alijibu tu, "Huyu ni wangu." Mtaa mzima ulivusha watoto hivyo, kwa wema, ili kukwepa maelezo marefu.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Dative aliinua macho. Mbele yao alisimama dada yake Mukundwa, mwenye miaka kumi na saba, amevaa viatu vipya. Alfajiri alikuwa ameaga kwamba anakwenda Muganza kumsuka bibi harusi. Kando yake alikuwa Micheline, mteja wake wa saluni, yule aliyemwahidi kazi ya kusuka nywele Uarabuni. Mama alishakataa safari hiyo. Sasa Mama alikuwa ameinama, anamfunga Tumukunde kamba za viatu, wala hakuwaona.

"Unasafiri na nani?" afande wa kike alimuuliza Mukundwa.

"Na mama yangu mdogo."

Dative alijua huo ni uongo. Mama yao alizaliwa peke yake. Hana dada, mkubwa wala mdogo. Lakini akisema, afande atauliza na habari za Tumukunde. Mama atanyang'anywa kibali cha kuvuka, na nyumbani kwao walikula kwa kibali hicho. Afande alishainua mkono kuwapitisha.

Msichana mwingine aliyekuwa nyuma yao, ambaye Dative hakumjua kabisa, akamnyooshea Micheline kidole. "Mimi pia nasafiri na mama mdogo," alisema kwa sauti ya chini.

Dative aliweka beseni chini. "Afande, yule mwenye viatu vipya ni dada yangu. Mama yetu hana dada."

Micheline alicheka. "Watoto wa siku hizi. Afande, si unajua huku sisi wote ni ndugu."

"Najua, maman," afande alijibu. "Basi nitajie jina la babu yao."

Kicheko kikakauka. Yule msichana akaanza kulia, akasema anatoka Nzahaha na kwamba yeye na huyo maman walikutana sokoni tu. Mkoba wa Micheline ulipofunguliwa, pasipoti zilikuwamo: picha ni za wasichana, majina si yao. Afande alimpigia simu mwenzake wa upande wa Congo. Haikuchukua muda, jibu likaja. Huko walikuwa wamekamata gari lililokuwa likiwasubiri, na ndani yake binti wa Burundi aliyefungiwa bila simu wala kitambulisho.

"Nchi tatu tumekuwa tukimtafuta mwanamke huyu," afande alisema. "Wasichana aliowapeleka wanatumikishwa bila mshahara, milango imefungwa. Wengine bado hatujawapata."

Mukundwa alikaa chini palepale. "Aliniambia ni saluni," alirudia, "aliniambia ni saluni."

Mama alikuwa amesogea mbele aliposikia sauti ya Dative, akasikia yote. Alimtazama binti yake, kisha akautazama mkono wake uliomshika Tumukunde.

"Afande, na huyu si wangu," alisema. "Ni wa jirani."

Afande alichukua kibali cha Mama na kumwagiza arudi na wazazi wa mtoto. Siku hiyo hawakuvuka. Beseni la sambaza lilirudi nyumbani, na Mukundwa alitembea peku, viatu vipya alivyopewa na Micheline ameviacha barierini.

Njiani Mama alisema, "Wanangu, mimi nimewazoesha maafande kusikia 'ni wangu' na kuniamini. Yule mwanamke alipita katika njia niliyoilima mwenyewe. Kuanzia leo, mtoto atavuka na mzazi wake au na karatasi ya mzazi wake. Na mtu akikupa kazi, kisha akakutaka umdanganye mama yako ili uipate, ujue anayeuzwa ni wewe."

Alimshika Dative bega. "Umesema ukijua nitakosa kibali. Kibali kitapatikana tena. Dada yako nisingempata tena."