Matundu ya Vifungo

Saa mbili asubuhi, fundi cherehani alikuwa akishona pindo la suruali kwa mkono. Sindano ilimchoma kidole. Damu ikachuruzika hadi kwenye kitambaa cha mteja.

"Kastabini yako iko wapi?" mkewe aliuliza.

"Kile kikofia cha kidole ni cha wanaojifunza. Mimi ni fundi."

Alikibana kidole kwa kitambaa safi. Damu ilichelewa kukatika. Haikuwa ajabu. Fundi alikuwa amewekewa vali ya bandia kwenye moyo, na kila jioni alimeza warfarini, dawa inayochelewesha damu kuganda. Bila dawa hiyo, damu ingeweza kuganda kwenye vali. Bonge likisafiri hadi kwenye ubongo, mtu hupooza au hufa.

Mkewe alilijua hilo. Lakini damu ile ilimtia hofu.

"Damu yako imekuwa maji," alisema. "Lazima tuitie nguvu."

Tangu siku hiyo mboga za majani zilitawala meza. Asubuhi juisi ya spinachi. Mchana spinachi. Usiku spinachi tena.

"Mama watoto, unanilisha au unanifuga?" fundi alilalamika. "Nikianza kucheua, usishangae."

"Kula. Mbuzi hawapungukiwi damu."

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Muuguzi alimtoboa fundi kidole, akapima damu. Alitazama mashine, akapima tena.

"Baba, dawa unameza?"

"Kila jioni. Shahidi wangu huyu hapa."

"Kweli, Sista," mke alisema. "Namsimamia mpaka ameze."

"Basi kuna kilichobadilika. Damu inaganda upesi mno, na vali iko hatarini. Siku hizi unakula nini?"

Fundi alimgeukia mkewe. "Mweleze. Mpishi ni wewe."

Mke alieleza yote. Muuguzi hakumgombeza. Alionyesha shati la fundi.

"Baba, shati lenye vifungo lakini halina matundu, linafungika?"

"Halifungiki. Hilo bado halijakwisha."

"Na damu ni hivyo. Seli za ini hutengeneza protini za kugandisha damu, lakini mwanzoni zinakuwa hazijakwisha. Ndani ya seli kuna kimeng'enya, fundi wa kumalizia. Kinabandika vipande vidogo vya kemikali kwenye protini hizo; vipande hivyo ndiyo matundu yake. Hapo ndipo zinapoweza kushika kalsiamu na kugandisha damu."

"Spinachi inaingiaje hapo?" mke aliuliza.

"Kimeng'enya hicho kinahitaji vitamini K. Ikishatumika, kimeng'enya kingine huifanya upya ili itumike tena. Warfarini inakizuia hicho cha pili. Vitamini K inapungua, na protini nyingi zinatoka bila matundu. Sasa spinachi ina vitamini K tele. Wewe umemletea fundi wa kumalizia kapu zima."

Mke alimgeukia mumewe. "Kumbe nilikuwa napigana na dawa."

"Basi mboga tunaziacha kabisa," fundi alisema haraka.

"Usishangilie, baba. Ukiziacha ghafla, utatokwa damu kupita kiasi. Kula kiasi kile kile ulichozoea, bila kupandisha wala kushusha. Daktari alipanga dozi kwa chakula chako cha kawaida. Ukitaka kubadilisha chakula, au ukipewa dawa nyingine, tuambie kwanza. Dozi usijipangie."

"Na nikijichoma tena?"

"Kibane kidole bila kufunguafungua. Damu isipokatika, au ukiiona kwenye mkojo au kinyesi, au ukigonga kichwa, njoo mara moja. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, usingoje hata kidogo."

Daktari alimwona fundi siku hiyo hiyo. Alisikiliza moyo, akarekebisha dozi kwa siku chache, akamtaka arudi mapema kupimwa.

Nyumbani, mke alirudisha sahani ya zamani: mboga kidogo pembeni, kama ilivyokuwa kabla ya sindano. Juisi ikakoma.

Waliporudi kliniki, muuguzi alipima mara moja tu.

"Kipimo kiko pale pale tunapokitaka," alisema.

Kesho yake fundi alikaa kushona pindo jingine. Kidoleni alikuwa amevaa kastabini.

"Fundi anajifunza?" mkewe aliuliza.

"Fundi anashona."

Alimaliza pindo, akakata uzi. Kitambaa kilikuwa safi.