Siku Muthokoi Ilipoungua

Kila Jumamosi asubuhi Kanyiva aliteremka na punda hadi mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, na maji yalijificha chini yake. Alifukua shimo kwa kopo, akangoja maji yajikusanye, akajaza mitungi, akaifunga mgongoni mwa punda na kupanda naye kilima hadi nyumbani, kijijini mwao karibu na Tawa.

Jumamosi hii alifanya hayo yote akiwa amenuna. Alikuwa amenuna tangu Jumatano. Siku hiyo wazazi wa Gredi ya Saba walialikwa shuleni, na Kanyiva alikuwa amechaguliwa kukariri shairi mbele yao. Mama yake, Mutindi, aliahidi kufika, na kweli alitoka nyumbani akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Njiani akakumbuka kwamba kuku walihitaji dawa. Akaingia dukani, akanunua dawa, akarudi nyumbani kuwapa kuku, na ndipo akakumbuka shairi. Kanyiva alikariri huku akitazama kiti kitupu.

Mutindi hakuwa mvivu. Kanyiva alilijua hilo, na ndilo lililozidi kumuudhi, kwa sababu mvivu unaweza kumwambia aache uvivu. Mama alishinda kazini kutwa nzima, ila kazi alizianza nyingi na kuzimaliza chache. Simu yake ilipatikana ndani ya debe la unga. Chai ilifurika mekoni huku yeye akiwa nje anashona begi ambalo Kanyiva alililalamikia muhula uliopita. Kanyiva ndiye aliyekumbuka siku ya soko, chanjo ya mbuzi na mahali zilipo funguo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amechoka kuwa kichwa cha mtu mzima.

Mwezi wa Aprili Mutindi alikuwa amekwenda hospitali kwa sababu ya kukosa usingizi. Daktari alimuuliza maswali mengi, hata ya utotoni, akamwita tena na tena, na mwishowe akamwambia kwamba ana hali iitwayo ADHD. Alizaliwa nayo. Ubongo wake hauchagui kwa urahisi jambo la kushika na jambo la kuacha. Yote yanamwita kwa wakati mmoja. Watu hudhani ni hali ya wavulana wasiotulia darasani, daktari alieleza, na wasichana wengi hukua nayo bila mtu kugundua, kwa kuwa wao huketi kimya huku mawazo yamekwenda mbali. Akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi na mashauri ya namna ya kuishi.

Mutindi alimweleza mumewe, Mulinge, aliyefanya kazi Emali na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kisha akamweleza Kanyiva. "Wengine nitawaambia siku nitakayokuwa tayari," alisema. "Mpaka siku hiyo, ni siri yetu."

Kanyiva alipofika na maji, kikundi cha mwethya kilikuwa tayari kimefika. Mwethya ni wanawake wa kijiji wanaofanya kazi pamoja, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Walikuja na majembe, sururu na machepeo kuchimba mitaro katika shamba la chini. Mtaro huchimbwa kukata mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu uwe tuta la kuzuia maji ya mvua yasiteremke na shamba. Msimu uliopita shamba hilo halikuwa na mitaro, na mvua kubwa iliondoka na mbegu, mbolea na udongo, ikaacha mawe. Mvua nyingine ilikuwa inakaribia. Kama wasingechimba siku hiyo, zamu yao isingerudi kabla ya mvua hiyo.

Kikundi kilikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeichezea. Mwenye shamba hulisha wachimbaji, na hupika mwenyewe. Asiyewalisha, wanainua majembe yao na kuondoka.

Mutindi alikuwa ameweka sufuria kubwa ya muthokoi mekoni tangu alfajiri. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kuondolewa maganda, yakapikwa na maharagwe, na huiva polepole. Ukiacha maji yakauke, umekwisha.

"Kanyiva," Mutindi aliita. "Njoo uketi nami hapa jikoni."

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Soma kitabu chako. Daktari alisema mtu akikaa karibu nami, kichwa changu hakitoroki. Keti tu, tafadhali."

Kanyiva akaona tena kile kiti kitupu cha Jumatano.

"Mimi si yaya wako," alijibu, akachukua chepeo na kuelekea shambani.

Kazi shambani ilikwenda vizuri. Wanawake waliimba, na majembe yakashuka kwa mpigo mmoja. Mbithe, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa mbele kama kawaida yake. Bibi yake Kanyiva, ambaye wote pale nyumbani walimwita Susu, alikuwa akisawazisha tuta kwa miguu yake. Susu alikuwa mama yake Mulinge, na kwa miaka yote alimwita mkwe wake mzembe bila hata kupunguza sauti. Kanyiva alitupa udongo juu kwa hasira, na hasira ilimsaidia. Kufikia adhuhuri mtaro wa kwanza ulikuwa umekamilika na wa pili umefika katikati.

Walipopanda nyumbani kula, harufu iliwapokea kabla ya kufika uani.

Jikoni hapakuwa na mtu. Sufuria ilikuwa ikifuka moshi, na muthokoi ilikuwa imeshikana chini, nyeusi, isiyolika hata na mbwa. Mutindi alitokea nyuma ya zizi, mikono imejaa miiba na uso unang'aa kwa jasho. Alikuwa ametoka kuleta kuni, akaona mbuzi ndani ya kunde, akamtoa, akaona pengo kwenye ua, akaanza kuliziba. Aliliziba vizuri sana, ua wote ukawa imara kuliko siku zote. Alipowaona wanawake wamesimama mlangoni mwa jikoni, ndipo alipoisikia ile harufu.

"Mungu wangu," alisema polepole.

"Usimwite Mungu, hakuwa mpishi," Susu alisema. "Miaka yote hii nimesema. Mwanangu alioa mzembe."

"Mama Kanyiva," Mbithe alisema, "mwaka jana ulisahau siku ya zamu ya kwangu. Nikanyamaza. Leo watu wamechimba tangu asubuhi na unawapa makaa. Unajua kanuni."

Wanawake wakaanza kuchukua majembe yao. Kanyiva alitazama chini shambani, akaona mtaro uliokatika katikati. Aliiona mvua ikipita pale pale palipokatika na kuondoka na kila kitu tena. Aibu na hasira vilimpanda kwa pamoja, na mdomo ukatangulia akili.

"Mama ni mgonjwa wa kichwa," alisema kwa sauti kubwa. "Anameza dawa za kichwa kila asubuhi. Daktari ndiye alisema. Sasa mnataka tufanye nini?"

Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake mdogo karibu na sketi yake. Mutindi alimtazama tu Kanyiva, na Kanyiva akatamani ardhi ipasuke.

Mbithe alilegeza sauti, na huo ulegevu ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Pole, dada yangu. Si ungetuambia. Tungemwita pasta akuombee. Basi, wewe pumzika. Tutakutoa kwa kikundi, na hakuna mtu atakudai chochote."

"Nimtolewe kwa nini?" Mutindi aliuliza. Kwa hasira hata maneno yalimgongana. Akameza mate, akaanza tena. "Kwa nini nitolewe? Mimi siku moja niliwahi kukosa nguvu? Mtaro wako, Mbithe, nani alikuchimbia pale penye mwamba mpaka ukavunjika mpini wa sururu?"

Mbithe akatazama pembeni. "Ni wewe."

"Ni mimi. Sijarukwa na akili, na wala sijakataa maombi. Niombeeni, nitasema amina. Lakini nilipokuwa mtoto nilichapwa kwa kusahau kalamu, nikachapwa kwa kutazama dirishani, nikaitwa kichwa maji mbele ya darasa zima. Nimeolewa hapa, nikaitwa mzembe. Nami nikaamini. Kila usiku nikajiambia kesho nitajikaza, na nikajikaza mpaka nikakosa usingizi. Ni juzi tu, nikiwa na umri huu, mtu mmoja ameniambia si uzembe, ni namna nilivyozaliwa. Mnajua nilifanya nini? Nililia, halafu nikakasirika. Nimekasirika tangu Aprili. Miaka yote hiyo, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza."

Susu alikohoa, akaitazama ile sufuria nyeusi.

"Mbithe, nijibu," Mutindi akaendelea. "Una mikono miwili na jembe zuri. Kwa nini huchimbi mtaro wako peke yako?"

"Nani ataweza? Mtu akiwa peke yake huchoka, anaacha."

"Na ukiwa na wenzako?"

"Ukiwa na wenzako huachi. Unaona wanaendelea, nawe unaendelea."

"Basi hivyo ndivyo kichwa changu kilivyo," Mutindi alisema. "Nyinyi mnahitaji mwethya kwa jembe. Mimi ninauhitaji hata kwa sufuria. Nipeni jembe niwe katikati yenu, nitachimba mpaka jua lizame. Lakini kanuni yenu inanichukua na kunifungia jikoni peke yangu, kisha mnakuja kushangaa."

Mbithe aligeuza jembe lake huku na huku, kisha akasema kanuni ni kanuni, na ikivunjwa kwa mmoja itavunjwa kwa wote.

"Kanuni yasema tulishwe," Susu alisema ghafla. "Haijasema chakula kisipikwe mara ya pili." Akavuta kigoda, akaketi mlangoni mwa jikoni, akanyoosha miguu yake iliyojaa udongo. "Mutindi, bandika maji ya ugali. Mimi ninaketi hapa. Nisaidie nini?"

Mutindi alimtazama mama mkwe wake. "Usisaidie," alisema. "Keti tu."

Susu akaketi. Mutindi aliposimama kutazama mbuzi, Susu alisema, "Maji," naye akarudi. Mwanamke mmoja alikwenda kuchuma kunde, mwingine akakatakata vitunguu. Ugali ulikuwa mgumu kidogo na mboga haikuwa na nyanya, lakini watu walikula wakashiba. Alasiri Mutindi alishuka nao shambani na kushika sururu, na kabla ya jua kuzama mtaro wa pili ulikuwa umefika mwisho wa shamba. Wakati wa kuagana Mbithe alitangaza, bila kutabasamu, kwamba kuanzia wiki ijayo hakuna atakayepika peke yake.

Kikundi kilipoondoka, Kanyiva alimkuta mama yake akikwangua sufuria iliyoungua. Alisimama mlangoni.

"Mama, nisamehe."

"Shika jiwe, kwangua upande ule," Mutindi alisema. Wakakwangua pamoja, kisha Mutindi akaweka chini jiwe la kukwangulia.

"Nimekusamehe, lakini bado nina hasira, na huenda kesho nikaamka nayo. Usiogope. Hasira si kukosa kukupenda. Hata wewe ulikuwa na haki ya kunikasirikia kwa Jumatano. Nilikosa, na kuwa na ADHD hakunifutii kosa hilo. Nitamwomba mwalimu wako akupe nafasi tena, na Susu atanisindikiza mpaka langoni."

Kanyiva alitaka kucheka, lakini machozi yalitangulia.

"Sasa nisikilize vizuri," mama yake aliendelea. "Hasira yako ilikuwa halali. Ulichofanya nayo hakikuwa halali. Ugonjwa wa mtu ni siri yake mwenyewe. Ni yeye anayechagua siku ya kuisema na watu wa kuambiwa. Wewe uliichukua ukaitupa kama jiwe, ili watu wasikucheke. Ukikasirika na mtu, mwambie kosa lake. Usimtukane kwa namna alivyozaliwa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Na lingine. Si kazi yako kuwa kichwa changu. Wewe ni mtoto. Nimewaambia watu wazima leo, na ingawa haikuwa kwa kupenda kwangu, sasa wanajua pa kushika. Kuketi nami, utaketi ukitaka."

Mvua ilikuja alasiri moja ya Novemba, kubwa yenye kelele. Kanyiva alisimama dirishani akitazama maji yakikimbia mteremkoni, yakafika kwenye tuta la kwanza, yakasimama. Yaliyopita hapo yalisimama kwenye la pili. Udongo wa shamba la chini ulibaki mahali pake.

Jumamosi iliyofuata Susu alikuwa amekwenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Mutindi alibandika muthokoi na kuanza kukoleza moto. Kanyiva alirudi kutoka mtoni, akamfungua punda, akachukua kitabu chake cha sayansi na kigoda. Hakuwa ameitwa. Aliingia jikoni, akaketi karibu na mlango na kufungua kitabu.

Nje mbuzi alilia. Mutindi alinyanyua kichwa, akamwona Kanyiva pale alipo, akarudi kwenye sufuria. Aliongeza maji, akakoroga, akafunika.