Karibu, Viatu Nje

Jirani, weka hiyo sindano chini kidogo unisikilize. Najua una kazi, hata mimi ninayo. Lakini wewe ni fundi viatu, na haya maneno yangu yanaishia kwenye viatu, kwa hiyo sina mwingine wa kumwambia.

Unalijua lile friji la milango miwili kule karakanani kwangu. Lile unalonisema kila siku kwamba nalilisha umeme bure. Ni la dada yangu. Shemeji alilinunua kwa watu waliokuwa wanahama haraka haraka, akajisifu wee, eti kapata bei ya kutupa. Nikamwambia rahisi ghali. Akacheka.

Dada alinipigia simu jua linaelekea kuzama. Maziwa yamechacha, mboga zimenyauka, lakini nyama upande wa pili imeganda kama jiwe. Nikajua ugonjwa kabla sijafika. Friji la namna ile, baridi yote inazaliwa upande wa kushoto, kwenye friza. Upande wa kulia hauna baridi yake, unagawiwa tu kupitia kidirisha kidogo kilicho kwenye ukuta wa katikati. Kushoto kunaganda na kulia kuna joto? Kidirisha kimeziba. Kazi ya nusu saa. Miaka kumi na tisa niko kwenye ufundi huu, ningeshindwa na hilo?

Nilimkuta Kijiko mezani jikoni anaandika kazi ya shule. Ndiye mtoto pekee wa dada, miaka saba. Jina hilo nilimpa mimi, maana hakuna sufuria inayompita bila kuonjwa. Tuna mchezo wetu tangu aanze kusema. Nikifika sigongi mlango wa nje, naingia moja kwa moja jikoni, nagonga friji mara tatu, nasema hodi. Naye popote alipo, hata awe anaoga, anaitikia: karibu, viatu nje! Neno hilo kaliokota kwa mama yake, ambaye sakafu yake anaipenda kama ndugu. Tumecheka hilo jambo sijui mara ngapi.

Siku hiyo nilipoinua mkono nigonge, bibi yake mzaa baba akaushika.

Akaniambia nisigonge. Tena kwa sauti ya chini, mtoto asisikie, akaniambia kidirisha amekiziba yeye, na nikiache kama kilivyo. Tangu friji liingie nyumbani, alisema, kuna mtu anabisha humo upande wa kushoto, kila jua likizama. Anagonga mara tatu kwa adabu, kisha ananyamaza mpaka kesho. Huko aliko anagonga tu, hana sauti. Akivuka kulia, ataipata.

Nikamweleza kifundi. Mama, hicho ni chombo cha kutengeneza barafu, kinadondosha vipande kwenye trei, ndiyo hizo ko ko unazosikia.

"Mwanangu, hicho chombo si ulikikatia maji mwenyewe mwaka jana?"

Nilikikatia, kweli. Lakini mimi nikishashika bisibisi sishauriki, unanijua. Nikamwambia maziwa ya mtoto yanaharibika, aniache nifanye kazi. Akatoka kwenda kumwita dada, aliyekuwa uani anaanua nguo.

Nikatoa nyama yote, nikafungua kifuniko cha nyuma cha friza. Feni inazunguka. Hakuna barafu iliyoziba chochote. Kwenye kidirisha nikakuta kitambaa cheupe kimesokomezwa, kina mafundo saba na chumvi ndani. Nikacheka peke yangu, mjinga mimi. Nikakivuta.

Kilikuwa kimekaza. Kisha nikahisi kama kuna mkono mwingine umekishika pamoja na wangu... unanisaidia kuvuta.

Kikatoka. Baridi ikapita kwenda kulia kwa mkupuo mmoja. Na harufu. Udongo, jirani. Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi.

Ko.

Ko.

Ko.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kitambaa. Sikugonga mimi.

"Hodi?"

Sauti ilikuwa ndogo. Ilitoka upande wa kulia, nyuma ya mlango uliofungwa. Nilifungua mdomo nimzuie mtoto, nikachelewa. Kijiko hakuinua hata kichwa kutoka kwenye daftari. Alidhani ni mimi.

"Karibu, viatu nje."

Mlango wa kulia ukafunguka wenyewe, polepole. Taa yake ya ndani haikuwaka. Ya jikoni ikazima. Nikasikia nyayo tupu, ndogo, zinapita juu ya vigae... zikanipita mimi, zikapita karibu kabisa na goti langu... zikaenda mpaka mezani. Zikakoma.

Taa iliporudi, Kijiko alikuwa ameketi vile vile, kalamu mkononi. Chini ya mlango wa kulia palikuwa na viatu vya mtoto. Vya ngozi, vimelowa, vimepangwa vizuri kimoja kando ya kingine. Viatu vya Kijiko vilikuwa kibarazani.

Dada akaingia na nguo zake mkononi, anauliza kwa nini nilikuwa gizani. Bibi nyuma yake akaviona viatu. Aliketi chini pale pale mlangoni.

"Alikuwa na adabu," akasema. "Asingeingia mpaka akaribishwe."

Nikamshika Kijiko mkono. Ulikuwa baridi kuliko ile nyama niliyoitoa. Nikagonga meza mara tatu, nikasema hodi. Akanitazama. Akatabasamu vizuri, vile mtoto anavyomtabasamia mgeni wa wazazi wake.

Jibu lilitoka kushoto. Mbali sana, kupitia kidirisha nilichokizibua kwa mkono wangu mwenyewe.

"Karibu, mjomba... viatu nje."

Nikaivamia friza. Nilipapasa kila trei, kila kona, mpaka vidole vikafa ganzi. Tupu. Nililia pale, jirani, mtu mzima, mbele ya dada yangu na mkwewe.

Hiyo ni miezi miwili sasa. Dada alitaka friji likatupwe, nikalileta karakanani. Sithubutu kulichomoa, maana sijui likiyeyuka aliyemo atakwenda wapi. Ndiyo siri ya ile bili ya umeme.

Vile viatu uliviona. Nilikuletea nikakudanganya ni vya mteja. Ukaniambia vimeshonwa kwa mkono, na soli zake hazijawahi kukanyaga ardhi. Bibi anasema mgeni haondoki mpaka avae viatu vyake. Tumejaribu kumvalisha huyo aliyebaki nyumbani. Hakatai, ananyoosha mguu tu na kutabasamu, lakini mara ya kwanza vilikuwa vinabana, na juzi havikuingia kabisa. Mguu unakua upesi. Dada anasema mtoto siku hizi ana adabu, haonji tena sufuria. Anajua, lakini hataki kujua, na mimi siwezi kumlaumu.

Kila jioni nikishafunga kazi nagonga upande wa kushoto, na kila jioni naitikiwa. Ila sauti inazidi kuwa mbali. Jana alisema "karibu" peke yake, nikangoja viatu nje, haikuja. Ndipo nikaona sina siku nyingi.

Najua utakachosema. Hata mimi nimekiwaza mpaka kichwa kinauma. Friji lilikuwa pale jikoni siku zote tukicheza mchezo wetu, na chochote kilichokuwa humo kilikuwa kinasikia. Huenda anayenikaribisha si Kijiko wangu. Lakini mimi ndiye niliyemzoesha kuitikia bila kutazama, na nikikaa hapa kungoja uhakika, sauti itaisha. Liwalo na liwe. Tangu siku ile ananikaribisha, na mimi sijaingia.

Kwa hiyo jioni hii nitagonga, nikiitikiwa nitaingia. Viatu vyangu naviacha hapa mlangoni kwako. Usivisogeze, na usimpe mteja hata akikusumbua. Kaa nje, sikiliza upande wa karakana. Ukisikia hodi mbili, ya mtoto na yangu, itikia haraka, usipumue hata kidogo kabla hujaitikia.

Ukisikia moja tu, hata kama ni yangu, hata nikikuita kwa jina lako la utotoni na kukuomba... wewe shona, jirani. Shona viatu vyako, unyamaze.