Simu ya Kipenzi

Mtandao wa nyumbani ulipokatika, kompyuta haikukaa bure. Ilitafuta majina iliyoyazoea, ikapata moja, ikajiunga bila kuuliza mtu. Mwenye kompyuta, mwanamke mtafsiri, aliendelea na kazi yake mpaka jicho lilipoangukia pembeni mwa skrini na kusoma jina la mtandao ule: Simu ya Kipenzi.

Kipenzi alikuwa mke wa kwanza wa mumewe. Alikufa maji kabla hajajaliwa mtoto, na simu yake iliyorusha mtandao huo ikazama naye mtoni.

Chumba kilinuka tope la mtoni. Sakafuni palikuwa na nyayo mbichi zinazoelekea kitini pake.

"Mashine ni mashine, mke wangu," mumewe alisema, akijitia kucheka. "Huu ukikatika, inarukia ule inaoukumbuka."

"Ule uko mtoni," alinong'ona, mkono juu ya tumbo lake la miezi saba. "Nani anaurusha?"



Mke akamwita shangazi yake, mganga asiyekuwa na mzaha na majini wala na wanaume. Alinusa meza, akakunja uso.

"Mnamwachia mlango wazi, halafu mnaniita nimfukuze? Mashine hii inamjua kwa jina tu. Akilitaja, inamfungulia. Isahaulisheni!"

Mume akabonyeza palipoandikwa "Sahau mtandao huu", wote wakiona. Harufu ikakatika, nyayo zikakauka. Mtafsiri alimshukuru mumewe mpaka machozi yakamtoka.

Mchana mmoja mvua ilinyesha, mtandao ukakatika tena. Safari hii hakuwa na wasiwasi, kwani mashine iliyosahaulishwa haijiungi mpaka mtu aandike neno la siri upya, na neno la siri la Kipenzi alilijua mtu mmoja tu.

Kompyuta ikajiunga. Simu ya Kipenzi.

Aliumia kabla hajaogopa. Mume yuleyule aliyemfuta machozi alikuwa amekaa kwenye kiti hikihiki akaandika neno la siri, akamfungulia tena. Na kwa kuwa mtandao ukirudi kila kilichokuwa kikiusubiri huondoka, ujumbe aliouandika mumewe ulianza kwenda mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yake, naye akibonyeza huku na huku kuuzuia, vidole vikiteleza kwa maji ambayo hakujua yametoka wapi, harufu ya tope ikizidi, na nyuma ya kiti kitu kikidondosha matone taratibu, kikisogea, kikidondosha.

*Nisamehe, shangazi alinilazimisha.* Umetumwa.

*Rudi nyumbani.* Umetumwa.

*Mtoto atakuwa wako.* Umetumwa.

Mlango ukafunguliwa. Mumewe alisimama pale na taulo kavu mkononi.

"Mume wangu," alisema kwa sauti iliyokwisha, "nitoe humu."

Mumewe hakumtazama. Alitazama nyuma ya kiti, akatabasamu jinsi ambavyo hajawahi kumtabasamia yeye, akakunjua taulo.

"Pole na baridi, Kipenzi."